Keki ya Jorrit na Waya Uliosahaulika

Kumekucha vibaya katika Ghuba ya Biskaya. Krijn Vreugdenhil amepiga goti kwenye sitaha ya nyuma ya Noordmeeuw, tagi ya kuvuta meli zilizokwama, kiganja juu ya waya wa chuma, anaupapasa kama mzazi anayempima mtoto homa.

Mwisho wa waya huo, mita mia saba nyuma, inavutwa meli ya mizigo iliyokufa injini. Ndani yake wamo mabaharia wawili wa kulinda taa na kuangalia maji yasiingie. Mmoja ni Jorrit, mwanawe wa pekee.

Krijn, 58, wa mji wa Maassluis, Uholanzi, ni msimamizi wa sitaha. Maisha yake ndiyo hayo: dhoruba ikivuma, meli za watu hukimbilia bandarini, yao hutoka kwenda kuokoa. Na kila zamu waya lazima ulegezwe mita chache, usisuguliwe na ukingo wa tagi mahali pamoja hadi ukatike.

Jana haukulegezwa.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Jorrit, na ingawa mwenyewe alikuwa kule nyuma, kwa Waholanzi mzazi naye hupewa hongera na kila mtu. Mpishi Hessel akaoka keki ya tufaha, viti vikapangwa duara, mikono ikapeanwa. Wa zamu ya kutoka akadhani wa kuingia amelegeza waya. Wa kuingia akadhani vivyo hivyo.

“Hongera ya mwanao, Krijn! Sasa aoe, akuondokee nyumbani!” alitania Hessel.

“Nilicheka hadi machozi,” anasema Krijn. “Napongezwa kwa mwanangu, kumbe waya wake unakatika. Najichukia.”

Nyuzi kadhaa zimekwisha kukatika, na upepo mkali unatarajiwa jioni. Njia ni moja: kuuvuta waya ndani mpaka sehemu iliyoumia ijiviringe kwenye winchi, mashine ya kukunjia waya. Ila katika kuvuta, uzito wote utakuwa hapo hapo penye jeraha.

“Nahodha, punguza mwendo! Punguza tena!”

“Nikipunguza zaidi meli ile itatugeuzia ubavu, Krijn,” anajibu Nahodha Wietske redioni.

“Bora igeuke kuliko ipotee, mama!”

Winchi inaguna. Uzi mwingine unakatika, paa! Hata mwandishi wa makala haya, asiye mtu wa sala, anajikuta anaomba.

Hatimaye jeraha linaingia kwenye winchi. Krijn anakaa chini kwenye maji ya sitaha.

“Baba,” redio inakoroma, “mbona mnanivuta hivyo? Mmemaliza keki, sasa mnataka mtu wa kuosha vyombo?”

“Nyamaza, mjinga wewe. Kipande chako kipo.”

Kipo kweli, kwenye bakuli, pamoja na cha Krijn mwenyewe.

Wakifika Rotterdam Krijn ataomba Jorrit apangiwe tagi nyingine. Mke wa Krijn, Neeltje, alisema tangu mwanzo kwamba baba na mwana wasifanye kazi tagi moja, yeye akabisha. Lakini Rotterdam bado mbali, na mawimbi yameanza kupanda.

“Hongera za jana sizihesabu,” anasema, akirudisha kiganja kwenye waya. “Nitampa yake kwanza, mkono kwa mkono. Ndipo nitakula keki.”