Bendera ya Kituo cha Saba

Mjomba wangu Mirza hutengeneza viyoyozi vya shule. Ana miaka arobaini na minne, watoto watatu, na goti la kushoto linalolia kila akipanda ngazi. Kwa miaka kumi na moja, kila Ijumaa ya msimu wa baridi, alitoka kijijini kwetu Karzakkan kabla jua halijachomoza, akaenda kwenye uwanja wa mbio za magari kule jangwani, akavaa ovaroli ya rangi ya chungwa na kusimama kituo cha saba. Hakulipwa. Alipewa maji, sambusa na wali kwenye boksi, na akirudi jioni, uso umebabuka kwa upepo wa mchanga, alikuwa na furaha kuliko sisi sote tuliolala mchana.

Kituo cha saba kiko kabla ya kona ya kushoto iliyojificha nyuma ya kilima kidogo. Dereva haoni kilichoko upande wa pili. Gari likikwama huko, Badriya hupeperusha bendera ya njano: punguza mwendo, na mtu asimpite mwenzake. Badriya ni muuguzi wa zahanati, na uwanjani kila mtu humwita Umm Faisal, yaani mama Faisal. Mjomba alikuwa mtu wa fagio na mtungi wa kuzimia moto. Yeye ndiye aliyeruka ukingo wa chuma kwenda kuondoa vipande barabarani. Kwa miaka yote hiyo hao wawili waligombania sukari ya chai tu.

Goti lilipokataa kuruka ukingo, mjomba aliamua kwamba kama hawezi tena kukimbia kwa miguu, atakimbia akiwa ameketi. Akanunua Honda ya mwaka 1998, akang'oa viti vya nyuma, akafunga mabomba ya chuma ndani ili gari likipinduka lisimbonde.

"Wenzako wakifika umri huu wananunua suruali mpya," mkewe Zahra alimwambia. "Wewe unanunua gari lisilo na viti."

"Viti vinaongeza uzito, Umm Ridha."

"Na watoto wako wanaongeza nini?"

"Kelele."

Alipita kwa daktari, akapita kwenye mafunzo ya siku mbili, akafanya mtihani wa leseni. Kwenye karatasi ya bendera alipata alama zote, kisha akamsahihisha mwalimu kuhusu bendera ya buluu. Sabika, mwalimu mstaafu wa jiografia mwenye miaka hamsini na sita na miguu myepesi kama ya mbuzi, akachukua fagio lake pale kituo cha saba. Mwezi wa pili, siku ya Ijumaa, mjomba akajipanga na magari mengine ishirini na moja kwa mbio zake za kwanza. Nyuma ya Honda walimbandikia karatasi ya njano yenye alama nyeusi, ili wengine wajue kwamba huyu ni mgeni.

Mbio zilikuwa za mizunguko kumi. Alimaliza wa kumi na nne. Aliposhuka alikuwa hana sauti, mdomo umekauka kabisa, na alikuwa akimkumbatia kila aliyekaribia, hadi mtu wa mizani ya kupimia magari. Ndipo spika ikaita: gari namba hamsini na nane, chumba cha waamuzi.

Mwamuzi mkuu alikuwa Abduljalil, afisa wa forodha aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Alikuwa na karatasi mbele yake.

"Kaa, Bu Ridha," alimwambia, yaani baba Ridha. "Ripoti ya kituo cha saba. Mzunguko wa nne, ulilipita gari jekundu chini ya bendera ya njano."

Mjomba akacheka. "Mimi?"

"Wewe."

"Haji, nani amekosea namba? Hapakuwa na bendera."

"Ripoti inasema ilikuwepo."

"Nimekaa pale miaka kumi na moja. Ile ni kama sebule yangu. Bendera ikitoka pale naiota. Nakwambia haikuwepo."

Abduljalil akavua miwani. "Basi tuna jambo kubwa kuliko wewe. Kama haikuwepo, Umm Faisal alisinzia, halafu akaandika uongo kujifunika. Jumanne kamati inakaa kumteua mkuu wa bendera wa mbio za kimataifa. Jina lake ndilo la kwanza. Ukisema hivyo, sitalifikisha."

Mjomba aliniambia baadaye kwamba hakuona shaka hata chembe. Aliona huruma. Alifikiri Badriya amechoka, ana zamu za usiku zahanati, na mtu yeyote anaweza kuchoka.

"Inaniuma," alisema. "Lakini siwezi kusema nimeona kitu ambacho hakikuwepo."

"Andika."

Akaandika: *Katika mzunguko wa nne kituo cha saba hakikuonyesha bendera yoyote.* Akatia saini. Abduljalil akachukua redio, akaagiza Badriya atolewe kituoni hadi jambo limalizike. Mjomba ndiye aliyesema, kwa nia njema kabisa, "Ndani ya gari kuna kamera. Ileteni tuitazame, tuyamalize."

Picha ile nimeiona. Kamera ilifungwa kwenye bomba nyuma ya bega lake la kulia, kwa hiyo unaona mikono yake, upande wa helmeti yake, na barabara yote mbele. Mzunguko wa nne unaanza. Gari jekundu liko mbele kidogo. Kilima kinakuja. Na pale, kushoto, Badriya ameegemea ukingo hadi kiuno, bendera ya njano kubwa kama shuka, anaipeperusha kwa mikono miwili. Iko pale sekunde tatu nzima. Helmeti ya mjomba inageuka. Inamtazama Badriya moja kwa moja. Kisha inarudi mbele, mkono unapandisha gia, na Honda inalipita gari jekundu.

Baada ya kona, katikati ya njia, yuko Sabika na fagio. Anajibana kwenye gari lililokwama. Mpini wa fagio unapigwa na upepo wa Honda, fagio linaruka.

"Rudisha," mjomba alisema.

Karani aliyekuwa akiendesha picha akarudisha. Bendera ikawa palepale.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu mjomba alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Hizi ni mbio zangu?"

"Ni namba yako, ni mikono yako," Abduljalil alisema. "Umeiona?"

"Sasa naiona."

"Na wakati ule?"

"Wallahi, Haji, wakati ule hapakuwa na kitu. Palikuwa na barabara. Na huyu mwenye fagio... mimi sikumwona kabisa huyu mtu. Hakuwepo."

Abduljalil hakumkaripia. Alisema amewaona wengi, siku ya kwanza macho ya dereva huwa membamba kama bomba, hupokea gari la mbele tu. "Ila hao wengine hawakuwa na uhakika kama wako," akaongeza.

Mjomba akainuka kuchukua karatasi yake aichane. Karani akaifunika kwa kiganja. Karatasi ikishatiwa saini haitoki. Kinachowezekana ni kuongeza chini yake. Akaongeza. *Bendera ilikuwepo. Niliitazama na sikuiona. Badriya hakukosea.*

Alimkuta Badriya kwenye ukumbi wa wasimamizi, peke yake, bendera imekunjwa juu ya meza kando ya boksi la wali ambalo hakulifungua.

"Umm Faisal."

"Usiniite." Hakuinua kichwa. "Miaka kumi na moja, Bu Ridha. Ungesema nimekosea namba, ningekaa nifikiri. Ungesema jua lilikupiga machoni, ningekutafutia miwani. Lakini *hakikuonyesha bendera*? Umeandika hivyo kwa mkono wako?"

"Nimeandika. Na nimeandika tena chini yake kwamba mimi ndiye niliyekosea. Wana picha. Uko safi."

"Nilikuwa safi kabla ya picha yako."

Mjomba alisimama, ovaroli imefunguliwa hadi kiunoni, jasho limemkaukia. Hatimaye Badriya akasema, "Nionyeshe."

Karani alikuwa amemrudishia kamera. Badriya akatazama kwenye kioo kidogo, mara moja. Mjomba alingoja atukanwe.

"Uligeuka," Badriya alisema.

"Naam."

"Helmeti iligeuka, ikanitazama. Nakumbuka. Nikamwambia Sabika, ameshatuona, nenda."

Hapo mjomba naye akaketi. Ndivyo walivyofanya kazi siku zote, na hakuna kitabu kilichowafundisha. Mwenye bendera hutazama helmeti. Helmeti ikigeuka, dereva ameona, na mwenye fagio anavuka. Kwa neno hilo la Badriya, "ameshatuona," mjomba mwenyewe alikuwa ameingia barabarani mara ngapi? Mia mbili? Mia tatu? Mbele ya watu wangapi waliomtazama kama yeye alivyomtazama Badriya?

"Nimemtuma mimi," Badriya alisema. "Nimemsukuma kwa mkono."

"Mimi ndiye niliyekuwa na gari."

"Wewe hukuwa na macho. Mimi nilikuwa nayo." Akafunga kamera. "Sabika yuko wapi?"

"Nje, anawahadithia watu jinsi fagio lilivyoruka. Anacheka."

"Atacheka mpaka afike nyumbani."

Jumanne Badriya alikwenda mbele ya kamati. Abduljalil alisoma nyongeza ya mjomba na kusema jambo limekwisha. Badriya akaomba karatasi.

"Umm Faisal, hakuna tuhuma tena," karani alimwambia. "Unaandika nini?"

"Kilichotokea."

Aliandika kwamba bendera aliipeperusha sawasawa, na kwamba alimpeleka mtu barabarani kwa sababu ya helmeti. Abduljalil akaisoma. "Hakuna aliyekuuliza hili," alisema. "Ukiliacha humu, linaingia kwenye hesabu ya uteuzi wako."

"Liache humu."

Wanakamati walijadiliana hadi adhana ya magharibi, Badriya akiwa kwenye benchi la nje. Uteuzi ulipita kwa kura moja. Agizo lake la kwanza kwa vituo vyote lilikuwa fupi: mtu asivuke kwa kutazama helmeti, avuke akisikia injini imeshuka.

Mjomba alifungiwa mbio tatu. Ijumaa iliyofuata alikwenda uwanjani hivyo hivyo, goti na yote. Badriya alikuwa akipita kituo kwa kituo, na alipofika cha saba akamkuta amesimama karibu na ukingo, Sabika kando yake ameshika bendera.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna. Nimekuja kuomba."

Akampa fagio. Katika mbio za pili gari la buluu liliteleza na kuzunguka nyuma ya kilima, likamwaga vioo. Sabika akatoa bendera. Gari la kwanza likaja, helmeti ikageuka, ikawatazama, na mwili wa mjomba, wenye mazoea ya miaka kumi na moja, ukaanza kwenda. Badriya akamkamata mkanda wa ovaroli kwa nyuma.

"Ametuona," mjomba alisema.

"Nyamaza, usikie."

Injini haikushuka. Gari likapita mbele yao kwa kasi ileile, upepo wake ukawapiga usoni. La pili likaja, na hilo pia likapita. La tatu injini yake ikashuka mbali kabisa, kabla ya kilima.

Badriya akauachia mkanda. "Sasa nenda," alisema.