Anayetunza Barua za Ushirika

Mwanamke anayetunza seva ya barua pepe ya ushirika wa maziwa, mtaani Free Area, haanzi kazi kabla ya kupangusa kibodi kwa leso. Mzee Gathogo, bawabu aliyepanga barua posta zamani kwa kufuata anwani, watu walipokuwa bado wakiandikiana, humtazama kwa kijicho.

Leo barua zimekwama, na zabuni ya kuuzia shule maziwa inafungwa adhuhuri. “Futa foleni yote, madam,” meneja akahimiza. Mwanamke hakugeuka. “Hizo ni za watu, boss. Hazifutwi.” Akasoma kumbukumbu za seva polepole, akaona diski imejaa, akahamisha faili za zamani. Barua ya zabuni ikaenda, nyingine zikafuata.

“Na hizo zinasema nini?” Gathogo akamtega.

“Sijui, mzee. Mimi husoma anwani tu.”

Gathogo akammiminia chai.