Kompyuta ya Ofisi Kwenye Mchele wa Msiba

Najua kuna watu hapa Ifakara ambao hadi leo wakiniona napita karibu na gunia wanakohoa, na siwezi kuwalaumu, maana aibu yenyewe niliitengeneza kwa mikono yangu, tena kwa utaalamu. Nawasimulia ninyi kwa sababu mtaisikia tu, na huko mtakakoisikia wataongeza chumvi, watasema nililia (sikulia, lilikuwa vumbi la mchele).

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa mradi mmoja wa mpunga, karani wa mkataba, yaani mtu ambaye mwaka ukielekea mwisho anaanza kumwamkia bosi mara mbili. Wazungu waliotutangulia waliondoka wakatuachia laptopu yao, imechoka, nzito kama tofali, na kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa nimehudhuria kozi ya kompyuta Morogoro (tulikuwa wengi kuliko mashine, kwa hiyo sehemu kubwa ya kozi niliangalia kisogo cha mwenzangu), ikaamuliwa kwamba mtaalamu ni mimi. Mratibu wetu, Mzee Kalisti, akanieleza wazi kwamba Jumatatu wanakuja wafadhili, watataka kuona mipango ya mradi kwenye kompyuta, na nikiwaonyesha vizuri napata ajira ya kudumu, nikishindwa mkataba unaishia hapo. Mke wangu Prisila alishaanza kuulizia bei za bati. Kazi ile niliihitaji kwelikweli.

Tatizo lilikuwa kioo. Unawasha, kinawaka vizuri, unaanza kuandika, ghafla giza, na mashine yenyewe inaendelea kunguruma kama vile hakuna kilichotokea. Ukikipiga kakofi kinarudi, ukianza kumshukuru Mungu kinazima tena. Basi nikachunguza kitaalamu. Nilimulika kioo kwa tochi kutoka ubavuni nikaona maandishi yapo, hafifu, nikajua kinachokufa si picha bali ile taa iliyo nyuma ya kioo, na hapo nilikuwa sahihi kabisa, laiti ningeishia hapo. Lakini mtaalamu haishii hapo, mtaalamu anatafuta chanzo. Ilikuwa masika, bonde lote limeloa, viatu vinaota ukungu kabatini, nikakata shauri kwamba taa imeingiwa na unyevu. Na dawa ya unyevu niliijua, maana misheni nilikuwa nimeona wanatia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi ili isigandamane. Kama punje chache zinakausha chumvi, nusu gunia litashindwa nini kwa kitaa kimoja?

Ofisini mchele haukuwepo (ulikuwa mradi wa mpunga, lakini mpunga wenyewe ulikuwa kwenye ripoti). Kwa hiyo Ijumaa jioni nikaitia laptopu kwenye mkoba bila kumwambia mtu, maana mali ya ofisi ilikuwa hairuhusiwi hata kuvuka uzio, nikafika nyumbani nikaivisha foronya na kuizika katikati ya nusu gunia la mchele lililokuwa chumbani. Prisila naye sikumwambia. Angesema niipeleke kwa fundi redio, na mimi sikusomea Morogoro ili nikapange foleni kwa fundi redio.

Jumamosi nikatoka mapema kwenda mjini, narudi mchana, nakuta pale pa gunia pamebaki sakafu tupu.

"Mama Kosmas, mchele uko wapi?"

"Nimewapa akina mama wa jumuiya, wamepita kuchangisha," akasema Prisila. "Mzee Sabasi hapo jirani si amefariki alfajiri. Nikawaambia wabebe wote, jirani ni jirani. Tena leo gunia lilikuwa zito, nikasema kumbe Mungu anatuongezea."

Sikumwambia ni nani aliyetuongezea. Nilivaa shati la msiba nikaondoka karibu kwa mbio.

Mbele ya nyumba ya marehemu, chini ya turubai, wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na katikati yao, kwa heshima zake zote, Mzee Kalisti, mzee wa parokia asiyekosa msiba. Hapo ungetegemea mtu mwenye akili amvute pembeni bosi wake amwambie ukweli. Mimi nikampa shikamoo na pole, nikasema naenda kuangalia kama kuni zinatosha, nikazunguka nyuma.

Nyuma akina mama wanachambua mchele kwenye nyungo, na sufuria kubwa liko motoni, maji yanachemka. Magunia yamepangwa ukutani, na letu nikalitambua kwa kiraka cha shati langu la zamani.

"Shikamooni mama zangu. Poleni sana."

"Marahaba. Wanaume wako mbele, baba."

"Nimekuja kuwasaidia kuchambua."

Wakatazamana. Kwetu mwanamume msibani atachimba kaburi, atapasua kuni, atachinja, lakini kukaa na ungo mapajani hapana. Mimi nikakaa. Nikawa najisogeza kidogo kidogo hadi kwenye lile gunia, nikalegeza kamba, nikaingiza mkono hadi kiwiko, hola, nikauingiza hadi kwapani, shavu limelala juu ya mchele, napapasa kama mtu anayemzalisha mbuzi.

"Huyu anafanya nini?" mmoja akauliza.

"Anachota."

"Anachota mchele wa msiba?"

Akatoka ndani Mama Getruda, binti wa marehemu, macho yamevimba kwa kulia. Akanitazama nilivyolalia gunia. Hakupandisha sauti, na ni heri angepandisha.

"Baba Kosmas," akasema, "kama nyumbani mmepungukiwa, beba mchele wako, baba. Sisi tutapika ugali."

Nimetukanwa sana maishani, hata na mwalimu wa ile kozi, lakini hakuna neno lililowahi kuniuma kama lile. Niliona haya hadi nikasahau nilichofuata. Na hapo hapo vidole vikagusa foronya, nikavuta kwa pupa, gunia likaanguka, mchele wa marehemu ukamwagika hadi kwenye tope, akina mama wakapiga yowe, na wanaume wote wakaja nyuma wakiongozwa na Mzee Kalisti.

"Bwana Desderi," akasema, taratibu sana. "Hiyo si ya ofisini?"

Mtu mwingine angeomba msamaha. Mimi nikatoa mhadhara. Nikaiweka laptopu juu ya kinu kilichogeuzwa, nikaiwasha (betri ilikuwa bado na pumzi kidogo), kioo kikabaki giza, nikaomba tochi, nikawamulikia wafiwa maandishi ili waelewe habari za taa ya nyuma na unyevu. Bibi mmoja akauliza kama mashine hiyo huwa inamulikwa hata mchana. Mama Getruda akachoka, akasema apishwe atwange, akaishika laptopu kwa kifuniko chake, kile chenye kioo, kama unavyoshika kuku kwa mabawa, akainyanyua. Kifuniko kikalala nyuma na kioo kikawaka cheupe pe.

Nikaipokea, nikaiweka sawa. Giza. Nikakilaza kifuniko. Mwanga. Msiba mzima ukaelewa kwamba kuna waya umechoka pale kwenye bawaba na unagusana pale tu kifuniko kinapolala. Mchele haukuwa umekausha chochote.

Kesho yake nikampelekea Mama Getruda mchele mwingine. Alishukuru vizuri, kisha mbele ya macho yangu akafungua gunia na kuingiza mkono hadi chini.

Na Jumatatu wafadhili wakaja. Aliyeeleza mipango ni Mzee Kalisti, mimi nilisimama kando ya meza nimeshika kifuniko kwa mikono miwili kwa ule mlalo wa Mama Getruda, na kila mikono ikichoka bonde zima la Kilombero pale kwenye kioo linaingia giza. Mgeni mmoja akauliza kwa Kiingereza yule anayeshika ni nani. Mzee Kalisti akanitazama, akajibu kwamba ni mtunza ghala wetu mpya wa mchele. Ndivyo nilivyopata ajira ya kudumu, na ndivyo nilivyojua ni ya nini. Tangu hapo kitu cha ofisi kikiharibika nakiacha kiharibikie ofisini kwa amani, na mke wangu namwambia kila ninachokificha, hata kama ni ujinga, hasa kama ni ujinga.