Amri ya Muda

Siku ile mama alinuka dagaa. Alikuwa ametoka moja kwa moja pwani kwetu Wesha, kwenye majamvi ya kuanikia, buibui amelitupia juu ya kanga za kazi, na harufu ilijaa chumba cha kadhi mpaka karani akasukuma dirisha. Nilikuwa na miaka tisa, nikamwonea haya. Baba alikwisha kumpa talaka. Wiki hiyo alituchukua mimi na mdogo wangu Raya, wa miaka minne, tukatembee kwake mjini Chake. Mama akapata habari kwamba tumekatiwa tiketi za boti, kesho tunahamishiwa Unguja, ndipo akaacha dagaa juani akakimbilia mahakamani. Tukaitwa sote mchana ule ule.

Mama alimpakata Raya tangu mwanzo. "Sheikh, huyu hajui hata kujitawadha," alilia. "Atalala na nani huko?" Nilingoja anitaje. Hakunitaja. Raya alinichungulia kutoka kifuani mwa mama, akanitolea ulimi.

Kadhi akaamuru kwamba hakuna wa kutuvusha maji mpaka shauri lisikilizwe, na Raya abaki kwa mama. Kisha akanigeukia kwa upole. "Wewe mwanangu umeshapata akili. Utakaa kwa nani?"

"Kwa baba," nilisema.

Mama aliacha kulia ghafla. Karani akasoma kwamba hiyo ni amri ya muda. Kwetu muda ulikuwa kitu kidogo; mama akisema ngoja muda, chai ilikuwa imekaribia kuchemka. Nilitaka aumie siku mbili tatu, halafu aje kunichukua mimi, mimi peke yangu.

Shauri liliahirishwa, likaahirishwa tena, mwisho wazee wa pande mbili wakapatana nyumbani kwamba kila mtoto abaki alipo. Mimi sikuulizwa mara ya pili, na sikuwa na ulimi wa kusema nimekosea. Nilikaa kwa baba na mama wa kambo, huko huko Chake, mpaka nilipoolewa. Ijumaa moja nilipokwenda Wesha kumtembelea mama, Raya alinizuia mlangoni. "Mie nimepewa mama na kadhi. Wewe si ulimkataa?" Nilimfinya, akalia, nikagombezwa mimi.

Mwaka jana mama akiwa mgonjwa nilimuuliza kwa nini hakuniombea. Akanitazama kwa mshangao. "Wewe? Niliambiwa wewe utachagua. Nikasema huyu wangu, sina haja ya kumlilia."

Amefariki mwaka huu. Sasa nina watoto wawili, na umri wangu umeupita ule aliokuwa nao mama siku ile. Nilidhani wivu wa kitoto umeniisha. Lakini waoshaji walipouliza marehemu aliweka wapi sanda yake, Raya aliinuka bila kufikiri, akaenda kwenye kasha la uvunguni, akaitoa. Nilikaa mkekani nikimtazama. Nilimlilia mama, na nilimwonea wivu mdogo wangu kwa kulijua lile kasha.