Sufi Ndani ya Bomba

Muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi, huku Kihonda, alifungua kopo la gundi ya mabomba nione kama haijaganda. Ile harufu kali ikanirudisha uani kwetu, chini ya mlima.

Baba alikuwa amechimba mtaro kutoka nyumbani hadi kibanda cha Mama cha kushonea. Akalaza bomba la kupitishia waya wa umeme, akaliunga kwa gundi, akafukia, akashindilia kwa miguu huku akiimba. Fundi umeme alipofika akauliza, "Mzee, kamba ya kuvutia waya iko wapi?"

Baba hakuwa ameiweka.

"Basi tufukue," fundi akasema.

"Hamfukui kitu," Mama akasema. "Jumatatu shule zinafunguliwa, na sare za watoto wa watu bado ziko mezani."

Akachana mto, akachomoa sufi kidogo, akaifunga kwenye uzi wa cherehani na kuitumbukiza bombani upande wa nyumba. Kisha akanigeukia mimi, binti yake niliyekuwa nashinda mtaa mzima kwa kupuliza maputo.

"Nenda kibandani, uvute pumzi."

Nikabana midomo kwenye bomba, nikavuta. Nilipata vumbi na ladha ya gundi tu, machozi yakanitoka.

"Vuta, mwanangu!"

Nikavuta mpaka masikio yakaziba, na kitu laini kikanigonga ulimi.

Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya. Jioni Mama akakanyaga pedali, mota ya cherehani ikanguruma. Fundi akaniinamia mbele ya wote.

"Shikamoo, fundi."

Nikatema nyuzi za sufi zilizokuwa bado zimenasa menoni, nikaitika bila aibu, "Marahaba!"