Rangi ya Kucha Kwenye Kitako cha Bilauri Yangu

Assalaam alaykum admin. Kisa kitoe, jina lifiche, maana mji wetu mdogo na kila mtu ni shangazi ya mtu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimezaliwa Likoni na nimeolewa Mji wa Kale, huu mwaka wa tatu. Mamangu hukaanga viazi karai pale Feri, na kwa viazi hivyo ndivyo alivyotusomesha. Kwa kina mume wangu wana duka la leso Biashara Street. Tunaishi nyumba moja na mavyaa, yaani mama mkwe wangu.

Mavyaa ana sheria za kabati la jikoni utadhani ni sheria za ndoa. Bilauri hufudikizwa juu ya kitambaa cheupe, mdomo chini kitako juu, vumbi na mende visiingie. Usipachike bilauri ndani ya mwenziwe, zitang'ang'aniana zipasuke. Sahani kubwa chini, ndogo juu. Vyombo vya harusi yake vina kabati lao la vioo ukumbini, na havishushwi hata Idi. Kwetu bilauri zilikaa kwenye beseni, zimefunikwa leso kuukuu, basi haya yote nilijifunza kwake kwa moyo mmoja. Nilitaka anipende, nasema kweli.

Nilipoingia nyumba ile nilikuwa na kikohozi. Mavyaa akachukua bilauri moja na sahani moja, akavitia tone la rangi nyekundu ya kucha kitakoni. Akaniambia, "Hivi vyako, mwanangu, visipotee." Kwa vile vyombo hufudikizwa, ukifungua kabati tone lile unaliona mara moja. Mimi mjinga nikaona ni mapenzi! Nikampigia mamangu simu nikimringia kwamba nimewekewa bilauri yangu maalumu. Mama aliniuliza, "Wewe peke yako?" kisha akasema, "Alhamdulillahi." Kikohozi kiliisha, tone likabaki, na mimi nikaendelea kuchekelea.

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja kututembelea. Nilikuwa darini naanika nguo, nikashuka kufuata vibanio. Kabla sijaingia jikoni nikamsikia mavyaa akipaza sauti:

"Weka hiyo! Huoni alama? Hiyo ya mke wa kakako!"

"Sasa mama, si imeoshwa?"

"Hata ikioshwa. Mwana wa muuza viazi wa Feri, nani ajuwaye kwao wanywa na nani? Mimi nimemwoza mwanangu, sikuoza na bilauri zangu."

Wifi akacheka. Kicheko kile kiliniuma kuliko maneno, maana alipojifungua ni mimi niliyemkanda kwa maji ya moto, arubaini yake yote. Wali ninaopika kwa mikono hii wanaula na sahani wanalamba, lakini mdomo wangu ndio unaowatia kinyaa! Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, na ugeni haukunitoka.

Kesho yake mavyaa alipokwenda darsani, nilinunua rangi ya kucha, nyekundu ile ile. Nikakaa chini jikoni nikatia tone kila bilauri. Kisha vikombe. Kisha sahani. Nikaingia ukumbini, nikafungua lile kabati la vioo, nikavishusha vyombo vya harusi yake kimoja kimoja na kuvitia tone vyote, hata kombe la biriani. Sikuvunja kitu. Nikavirudisha kama alivyonifunza mwenyewe, bilauri zimefudikizwa, sahani kubwa chini na ndogo juu. Admin, sijawahi kupanga kabati vizuri namna ile.

Mavyaa alirudi na kiu. Akafungua kabati, akasimama. Akageuza bilauri moja, akageuza ya pili.

"Yako ni ipi?"

"Zote, mama."

"Nakuuliza yako ni ipi!"

"Zote zangu, mama. Chagua uitakayo unywe."

Alilifunga kabati kwa kishindo. Tangu siku hiyo anakunywa maji kwa kifuniko cha thamosi, na kwangu amenuna.

Mume wangu si mtu mbaya, lakini mbele ya mamake hana ulimi. Ameniambia, "Ijumaa ni hitima ya marehemu baba, nyumba itajaa watu. Futa rangi hiyo yote na umwombe mama radhi, ama funga nguo zako uvuke feri urudi kwenu." Nikamuuliza swali moja tu, "Wewe ulijua lile tone ni la nini?" Akainama akatazama simu yake. Alijua! Miaka yote hii ananiona nikinywa kwa bilauri ile mezani pake, na alijua. Hapo nililia, sitaki kuwaficha.

Rangi yenyewe inatoka upesi kwa dawa yake, hilo najua. Lakini sifuti. Nimemwambia nitazifuta zote kwa sharti moja: mavyaa atangulie kunywa maji kwa bilauri yangu mimi, mbele yangu. Mpaka sasa hakuna aliyenijibu. Nampenda mume wangu, na nikivuka ile feri na begi sidhani kama nitarudi.

Nishaurini ndugu zangu, nibaki na mwanamume aliyejua akanyamaza, au niende zangu? Ila habari ya kuomba radhi msinishauri, hiyo nimeshaamua. Ijumaa ikinikuta humu ndani, wageni wote watanyweshwa sharubati kwa bilauri zile zile, na atakayeniuliza tone hili ni la nini, nitamwambia.