Filimbi ya Hewa Tupu

Tangu siku ya kwanza sikumwamini yule mzee. Alikuwa amepiga muziki katika bendi ya jeshi hadi akastaafu, akajenga nyumba kule Burat, nje ya mji, kisha Jumapili moja akasimama kanisani kwetu hapa Isiolo mjini akasema anataka kuwafundisha vijana tarumbeta na filimbi bila malipo. Mimi nimefanya biashara miaka mingi. Mtu akiniambia bure, naanza kutafuta mtego uko wapi. Akaeleza kwamba ubongo wa kijana ni kama unga uliotiwa maji lakini haujakandwa ukashikana, na kwamba mazoezi ya muziki katika umri huo hulifunza sikio kuchambua sauti moja katikati ya makelele. Nikacheka kimoyomoyo. Nina mashine ya kusaga posho. Kama makelele yanajenga ubongo, basi mimi ningekuwa profesa.

Lakini binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alinisumbua mpaka nikachoka, nikamwachia.

Haikuchukua muda nikaanza kuona mambo. Msichana aliyekuwa akipayuka nyumba nzima alianza kuongea chini chini. Nikimuuliza amesema nini, anarudia huku amekunja uso. Binti wa umri ule akianza kunong'ona, mzazi ana haki ya kushtuka. Halafu akawa anapunguza sauti ya televisheni kila akiingia sebuleni, eti inampasua masikio. Nikasema haya basi, filimbi imeshamharibu. Hata wateja wangu walibadilika. Akina mama kwenye foleni walikuwa wakizungumza, nami nikisogea naona midomo inacheza tu, neno silipati. Nilijua wananisengenya.

Kilichonipandisha hasira kabisa ni siku nilipoingia chumbani kwake akifanya mazoezi. Mwanzo filimbi ililia vizuri, ikapanda, ikapanda, halafu kimya. Vidole vinakimbia, midomo inapuliza, na hakuna kitu. Hewa tupu!

"Unanichezea?" nikamuuliza. "Ndiyo mnafundishwa huko, kupuliza hewa?"

Alitazama filimbi, akanitazama mimi. Mimi nikaona huo ni uongo uliokosa pa kujificha, nikamwambia Jumapili nitakwenda kwa yule mzee amtoe kwenye bendi. Akalia. Mashindano ya muziki yalikuwa yamekaribia, na katika bendi nzima filimbi ilikuwa yake peke yake. "Sikio halizidi kichwa," nikamwambia, nikafunga mlango.

Jumamosi foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Kusaga, kwa asiyejua, ni kazi ya sikio. Huwezi kuchungulia ndani; mashine ikishiba mahindi inanguruma, yakipungua inalalamika, nawe unaongeza. Nilikuwa nikijisifu kwamba naweza kusaga nimefumba macho. Binti yangu akaniletea chai, akasimama ghafla mlangoni, kichwa amekiinamisha upande.

"Mami, zima mashine! Iko na kitu inalia huko ndani, juu kabisa!"

"Inalia nini? Weka chai uende."

Hakwenda. Akapita katikati ya wateja, akanyoosha mkono, akazima. Watu wakaguna. Mimi nilitaka kummeza mzima mzima. Ili nimwaibishe mbele yao, nikaweka mkono kwenye beringi inayoshika mhimili upande wa mkanda, nikautoa mbio. Ilikuwa imekauka grisi na kuungua mpaka chuma kikageuka rangi. Ingekatika pale, ule mkanda ungewarukia wenye foleni.

Nikaiwasha tena kidogo tu, ili nihakikishe. Binti yangu akainua kidole kila ilipolia. Mama mmoja wa Kiborana, mteja wangu wa siku nyingi, akageuza uso.

"Wallahi, sasa naskia. Iko kama kifaranga."

Aliyekuwa nyuma yake naye akasikia. Baada ya kuonyeshwa, foleni nzima ikasikia. Nikaitikia kwa kichwa kama nami nimesikia, nikazima, nikawaambia warudi Jumatatu.

Jioni nilimwita binti yangu aje na filimbi.

"Piga ule wimbo wako. Wote."

Akapiga. Ikapanda, ikapanda, halafu kimya. Vidole vikaendelea.

"Umeachia wapi?"

Alisogeza kiti chake, akaniinamia sikioni, akasema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, "Sijaacha, Mami."

Nilitamani awe ananidanganya. Nilimtazama machoni nikiutafuta uongo, maana kazi hiyo naijua, lakini sikuupata. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ile beringi. Miaka yote nimesimama kando ya mashine nikidhani naisikiliza, kumbe ilikuwa inanila masikio kidogo kidogo. Labda wale akina mama hawakuwa wakinisengenya. Au walikuwa, sasa nitajuaje?

Kuhusu ubongo na unga, yule mzee bado simwamini. Lakini Jumapili sikwenda kumtoa mtoto. Nilikaa kiti cha mbele kabisa kanisani, na bendi ilipofika pale juu filimbi inaponipotea, nikavitazama vidole vya binti yangu mpaka vikatulia, ndipo nikapiga makofi.